Fundi Baridi na Mpenzi wa Kwenye Wimbo

Baba yangu mdogo anatengeneza friji, na mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Jina hilo lilianza kwa heshima likaishia kwenye utani, maana hakuna mwanamume mwenye moto kama yeye linapokuja suala la mke wake. Mwenye duka akimsalimia Mama Mdogo huku anacheka, Baba Mdogo atataka kujua kilichochekesha. Mkata nywele akimsifia Mama Mdogo viatu, Baba Mdogo ataviangalia viatu vile wiki nzima kana kwamba vimemkosea. Wenzake wa karakana wanasema baridi yote anaimalizia kwenye friji za watu, nyumbani anarudi na mota inayochemka.

Ninaishi kwao kwa sababu shule yangu iko karibu. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine walinisimulia wao, kila mmoja kwa upande wake, kila mmoja akiniomba nisimwambie mwenzake.

Mama Mdogo anapiga pasi kwenye duka la dobi. Ni mwanamke wa maneno machache, na sababu ya uchache huo ni sauti. Ana sauti nzito, ya chini, kama kabati linalosogezwa taratibu chumba cha pili. Akipokea simu, watu wanamwamkia wakidhani ni mzee wa nyumba. Alipokuwa msichana alijaribu kwaya. Wakamsimamisha mstari wa nyuma pamoja na wanaume wa besi, akaona haya, akaacha. Tangu hapo kanisani anaimba kwa midomo tu, sauti anaiacha nyumbani.

Sasa, kanisani kwetu kuna darasa la Jumamosi alasiri. Linaongozwa na mwalimu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu, basi. Alijifundisha Kiebrania cha kale akiwa mtu mzima, na mwaka huu aliamua darasa lisome ule wimbo wa mapenzi ulio katikati ya Maandiko, ambao wahubiri wengi wanauruka kama mtu mwenye viatu vipya anavyoruka dimbwi. Siku moja Mwalimu alikwenda kwa dobi kuchukua shati lake. Akamkuta Mama Mdogo akimsomea mteja asiyeona vizuri maelezo yaliyoandikwa ndani ya kola ya koti: lisilowekwe, lisianikwe juani, pasi iwe ya uvuguvugu. Mwalimu akasimama na shati lake mkononi mpaka maelezo yakaisha. Kisha akamwuliza kama angependa kuja darasani kusoma.

Mama Mdogo alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na anaogopa mwenyewe atatokea kukidai. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameitaka sauti yake, tena si kwa sababu besi wamepungua. Kanisa lilikuwa limekubali darasa lisome wimbo huo mbele ya waumini wote, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na yeye ndiye angekuwa sauti ya mwanamke. Sijawahi kumwona akikitaka kitu chochote kama alivyoitaka Jumapili ile. Kosa lake lilikuwa moja: hakumwambia mumewe. Alitaka amshtukize.

Akamshtukiza kweli.

Jioni moja Baba Mdogo aliwahi kurudi, feni ya friji ya mtu ikiwa kwapani, akasimama nje ya mlango wa jikoni. Ndani, Mama Mdogo alikuwa anainyoosha sare yangu ya shule huku akikariri kwa sauti. Alikuwa anamwambia mtu fulani kwamba amemtafuta asimpate, kwamba anamwona akija mbio kwenye vilima, na kwamba miguu yake inapendeza kama nguzo za jumba. Baba Mdogo akaingia taratibu. Akaniangalia mimi na daftari langu la jiografia, akaona si mimi. Akainama akachungulia chini ya meza. Chini ya meza alikuwepo Kidoti, binti yao, akimlisha mwanasesere.

"Unaongea na nani, Mama Kidoti?"

"Nakariri Maandiko."

"Maandiko yepi hayo yanayosifu miguu ya mwanamume?"

Mama Mdogo akaisimamisha pasi, akafuta mikono, akamfungulia kitabu mahali penyewe. Baba Mdogo akasoma akiwa amesimama, halafu akavuta kiti. Alisoma na kidole, mstari kwa mstari, na kila alipofika pazito aliinua nyusi na kuniangalia mimi, kana kwamba angependa nitoke lakini asingependa abaki peke yake na jambo lile. Mwisho akafunga, akageuza jalada, akahakikisha ni kitabu kile kile walichopewa siku ya ndoa yao.

"Muda wote huu," akasema, "kitu hiki kilikuwa kabatini mwangu?"

Mama Mdogo akamweleza habari ya darasa, na Jumapili, na sehemu yake. Akaeleza kwa furaha, haraka haraka, sauti yake nzito ikijikwaa. Baba Mdogo alisikiliza yote, halafu akauliza lile moja ambalo hata mimi nilikuwa nimeliona likija: sehemu ya mwanamume inasomwa na nani?

Mama Mdogo akaanza kukunja sare ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Muuza Miwani," akasema.

Muuza Miwani ana duka safi karibu na kituo cha mafuta. Ni mrefu, mpole, hajaoa, na mikono yake haijawahi kugusa grisi. Anaongea taratibu kama anayekupaka mafuta sikioni. Ukitafuta mtaa mzima mwanamume wa kumnyima Baba Mdogo usingizi, utazunguka weee, mwisho utarudi kwa huyo.

Ilinibidi nimuulize Mwalimu kwa nini isisomwe na mtu mmoja tu. Akanieleza kitu ambacho sikukijua. Kwetu mtu akisema "nakupenda wewe", huwezi kujua kama ni mwanamume anamwambia mwanamke au ni kinyume chake. Katika Kiebrania "wewe" ya mwanamume na "wewe" ya mwanamke ni maneno tofauti, kwa hiyo msomaji wa kule anajua kila mara nani kashika zamu. Kwa Kiswahili, sauti moja ikisoma yote, watu wanapotea. Ndiyo maana darasa linasoma kwa sauti mbili, na kundi dogo la watu wanne likisimama pembeni kusoma maneno ya wale mabinti wa mjini wanaoingilia maongezi ya wapendanao na kuuliza maswali.

Lakini Mwalimu alikuwa ameweka kanuni. Mume na mke hawasomi pamoja. Wakisoma mume na mke, alisema, watu wataanza kuwaza chumba chao. Wakisoma watu wasiohusiana hata kidogo, mawazo yatakosa pa kukaa, yatapanda juu. Na msomaji naye lazima aahidi kwamba akitamka "mpenzi wangu" anamwona Mungu, hamweki mtu wake pale. Wazee wa zamani, alisema Mwalimu, walibishana sana kama wimbo huu uingizwe au uachwe nje, maana jina la Mungu karibu halimo. Ulipona kwa sababu wapo waliousoma kuwa ni Mungu na watu wake. Wakristo nao wakausoma kuwa ni Kristo na kanisa. Ukiutoa usomaji huo, unabaki na vijana wawili na shamba la mizabibu.

Ilikuwa kanuni nzuri, kwa mtu asiyemjua Baba Mdogo.

Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa Muuza Miwani. Alisema macho yanamsumbua. Kilichokuwa kinamsumbua ni kutaka kumwona adui kwa karibu, na kwa kweli alimwona karibu sana, maana Muuza Miwani alimkalisha kwenye kiti, akamshika kidevu, akamwangazia kurunzi ndogo jichoni, huku pua zao zikikaribia kugusana. Baba Mdogo akasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa ambao watu hawaufikii, na akaongeza jina la kiwanda kilichouchapisha.

"Macho yako mazima, Fundi," Muuza Miwani akamwambia kwa ile sauti yake. "Wewe unaona kuliko watu wote waliokalia kiti hiki."

Mwingine angefurahi. Baba Mdogo alirudi nyumbani akiwa amenuna kama gunia la chumvi. Alisema yule bwana amemfanyia kejeli, kwamba kuna kitu anataka asikione. Alipoulizwa kitu gani, alisema angekijua asingekuwa anauliza.

Kisha akaenda kwa Mwalimu. Alivaa shati la kutokea, akaomba jambo dogo: abadilishiwe, sehemu ya mwanamume asome yeye. Mwalimu akamkaribisha chai, akamweleza kanuni yake kwa upole, mwanzo mpaka mwisho. Akamwambia asihofu chochote, kwa kuwa mpenzi anayesifiwa mle si Muuza Miwani wala mwanamume yeyote. Huyo mpenzi ni Mungu mwenyewe.

Nadhani Mwalimu alikusudia kumpunguzia mzigo. Baba Mdogo alirudi akakaa kwenye ngazi za nyuma, akaibandua soli ya kiatu kilichokuwa kizima.

"Muuza Miwani ningeongea naye kiume," akaniambia. "Huyu mwingine nitamkuta wapi?"

Kuanzia hapo wivu wake ukakosa mipaka. Zamani ulikuwa na anwani: mwenye duka, mkata nywele, jirani. Sasa Mama Mdogo akikaa kimya akitabasamu, Baba Mdogo hajui amwangalie nani kwa jicho baya. Akiomba kabla ya chakula, anafungua jicho moja. Aliniuliza, tena kwa umakini, kama inawezekana mwanamke akampenda Mungu kupita kiasi. Nikamwambia kanisani wanahimiza. Akasema ndiyo, lakini wanahimiza kwa watu wote, hawahimizi kwa mke wake na habari za vifua na mabusu. Kingine kilichomuuma, ambacho hakukisema ila kilionekana, ni kwamba yeye na mke wake walikuwa wameoana miaka mingi na hawajawahi kuambiana hata robo ya maneno yale. Anapomsifia sana, anasema chai imekolea.

Hata hivyo aliendelea kuusoma ule wimbo, peke yake, kwenye karakana, ameuweka juu ya friza la mteja. Karibu na mwisho aligundua mahali ambapo wivu wenyewe unatajwa, tena kwa heshima kubwa, unalinganishwa na kaburi kwa ukali wake. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mchangamfu kidogo. "Kumbe na mimi nimo," akasema.

Jumamosi iliyofuata akajiunga na darasa, nami nikamfuata kutazama.

Darasa linakutana chumba cha nyuma ya kanisa, penye viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka dari na spika mbovu inayotumika kama meza. Mwalimu alimpokea vizuri. Nafasi pekee iliyokuwa wazi ilikuwa kwenye lile kundi la pembeni, kwa hiyo Baba Mdogo, na mikono yake yenye makovu ya moto wa kuchomelea mabomba, akasimama na wasichana watatu wa kidato cha nne akawa binti wa mjini. Wasichana walijibana wasicheke. Yeye hakuona cha kuchekesha. Alikuwa amepata alichokifuata: kutoka pale aliwaona wote wawili, mkewe na Muuza Miwani, bila kizuizi.

Na kwa kweli, nilipomsikia Mama Mdogo akisoma, nilielewa kwa nini mtu anaweza kuona wivu. Ile sauti iliyofukuzwa kwaya ilikuwa imekaa mahali pake. Hakuigiza, hakupamba. Alisoma kama mtu anayeelekeza nyumba anayoifahamu. Wasichana wakasahau kucheka. Muuza Miwani alikuwa anasoma vizuri pia, lakini vizuri kama tangazo, na kila alipomaliza sehemu yake alimtupia jicho Baba Mdogo na kufuta lenzi zake kwa kitambaa. Nadhani alikuwa anamwogopa.

Kuna mahali mle ambapo wale mabinti wanamwuliza mwanamke huyo mpenzi wake ana nini cha kuwashinda wapenzi wengine mpaka wasumbuliwe kumtafuta. Wasichana walitakiwa kuuliza pamoja na Baba Mdogo. Walipofika hapo wasichana waliuliza, lakini hawakusikika, kwa sababu Baba Mdogo aliuliza kwa roho yake yote. Neno hata moja hakuongeza. Aliuliza yaliyoandikwa, ila aliyauliza kama mtu aliyesimama na swali hilo mdomoni mwezi mzima na hatimaye amepewa ruhusa.

Mama Mdogo akamwangalia mumewe, akaangalia karatasi, akajibu kama ilivyoandikwa. Akamsifia yule mpenzi kutoka kichwani mpaka miguuni, nywele, macho, mashavu, mikono, hakuacha kiungo. Alipomaliza, Mwalimu alikuwa amevua miwani. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa kusomwa.

Hapo ndipo Baba Mdogo alipotoka nje ya wimbo.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Mimi nina swali ambalo halimo humo. Mama Kidoti, ukiyasema hayo, unamwona nani?"

Wasichana wakaangalia sakafu. Muuza Miwani akaangalia mlango. Mwalimu hakukasirika, alisema ni swali zuri, na kwamba kila msomaji anapaswa kuwa tayari kulijibu, akamgeukia Mama Mdogo kwa tabasamu la mtu anayelijua jibu.

Mama Mdogo alikuwa analijua pia. Alichotakiwa kusema ni neno moja. Angesema "Mungu", Jumapili yake ingekuwa salama, na Baba Mdogo angerudi nyumbani na mpinzani asiyeweza kumkuta popote. Aliikunja pembe ya karatasi, akaikunjua.

"Nilijaribu kumwona Mungu," akasema. "Nimejaribu kila wiki, Mwalimu. Lakini sura yake siijui. Nikifika hapo kwenye mikono, ninaona hii." Akamwonyesha Baba Mdogo kwa kidevu, kwa hasira kidogo. "Namwona huyu huyu anayeniuliza maswali mbele za watu."

Wasichana wakashindwa kujizuia, wakacheka wote. Baba Mdogo akabaki ameshika karatasi yake juu chini. Mwalimu peke yake hakucheka. Alivaa miwani yake, akaivua tena. Alisema jibu lilikuwa la kweli na anamshukuru, lakini kanuni anaijua kila mtu pale. Kisha akamwomba karani wa kanisa, dada mwenye sauti nyembamba aliyekuwa anakaa karibu na dirisha, achukue karatasi za Mama Mdogo.

Mama Mdogo alimkabidhi. Alizinyoosha kwanza, kwa kiganja, kama anavyonyoosha kola.

Baba Mdogo alitembea kurudi nyumbani kifua mbele. Alimsalimia hata mkata nywele. Alininunulia soda bila kuombwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umesikia? Kwenye mikono." Ilimchukua mpaka jioni kugundua kwamba mke wake hajasema kitu. Mama Mdogo alikuwa anapiga pasi, na jikoni hakukuwa na sauti nyingine ila pasi ikifoka mvuke kwenye nguo zilizonyunyizwa maji. Hakukariri. Siku iliyofuata hakukariri, na iliyofuata hivyo hivyo. Chai ilikuwa haijakolea, na Baba Mdogo aliinywa bila kusema.

Akanifuata nyuma ya nyumba. "Amekasirika?"

Nikamwambia nadhani ana huzuni.

"Lakini amenisifia mbele za watu."

Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana Jumapili itasomwa na karani. Aliangalia mikono yake pande zote mbili, kama mtu aliyepewa kitu na sasa anaona bei yake.

Akavaa tena lile shati la kutokea, akarudi kwa Mwalimu. Safari hii nilikwenda naye, kwa sababu nilitaka kusikia. Baba Mdogo aliomba kosa lihesabiwe kuwa lake. Alisema atatoka kwenye kundi, hatakanyaga tena darasani, Muuza Miwani asome na mkewe mpaka wachoke, yeye atakaa nje na kufunga masikio, mradi Mama Kidoti arudishiwe karatasi zake. Kwa wanaomjua Baba Mdogo, hiyo ilikuwa sawa na kuuza nyumba.

Mwalimu alimsikiliza. Akasema angekubali kwa furaha kama lingekuwa suala la hasira. Lakini akimruhusu mmoja amweke mumewe mle, kesho kila mtu atamweka wake, na wengine watamweka wa mwenzao, na wimbo utarudi kuwa wa harusini. Na watu wasio na wa kumweka watasoma nini? Mungu, alisema, anawatosha wote, hata wajane.

Ukutani kwake palikuwa na picha ya marehemu mkewe, mwenye kitambaa kichwani, akicheka na mtu asiyeonekana pembeni ya picha.

"Unadhani mimi nikisoma ninamwona nani, Fundi?" Mwalimu akasema. "Kila nikiufungua, yupo hapo ameshakaa. Namwomba aondoke, nampisha Mungu. Siku nyingine ninashindwa. Nikivunja kanuni kwa mkeo, mimi sitaweza kuishika tena."

Baba Mdogo akamaliza chai yake. Alipoaga, akakagua friji ya Mwalimu bila kuombwa, akaukaza mpira wa mlango uliokuwa umelegea, tukaondoka.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa. Mama Mdogo alikaa nasi kiti cha tatu, Kidoti magotini, amevaa gauni alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya kusimama mbele. Karani alisoma vizuri, kwa sauti nyembamba, safi, na watu walimsikiliza. Mimi nilimwangalia Mama Mdogo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Kila mstari karani alipoutamka, Mama Mdogo alikuwa ameshautamka kabla, kimya, kwa midomo, kama anavyoimba siku zote. Na macho yake kwa karani yalikuwa macho ninayoyafahamu. Niliyaona kwa Baba Mdogo kila mwenye duka alipocheka. Sikujua yanaweza kuhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine hivi, kama mafua, ndani ya nyumba moja.

Baba Mdogo alikuwa mbele na wasichana wake; Mwalimu alikuwa amemwomba abaki, maana bila yeye kundi halisikiki. Ikafika zamu ya lile swali. Kwa mpangilio walitakiwa kumgeukia msomaji wa kike. Wasichana watatu wakamgeukia karani. Baba Mdogo akabaki amekabili waumini, kiti cha tatu, akauliza. Safari hii hakuuliza kwa nguvu. Ilikuwa kama anaomba.

Karani akajibu, kiungo kwa kiungo. Mama Mdogo naye akajibu, kwa midomo. Sidhani kuna wengi waliomwona. Mwalimu aliona. Akainamisha kichwa kama anayefuatilia karatasi, ila nilikuwa namwona, na karatasi yake ilikuwa imekunjwa.

Tuliporudi nyumbani, Mama Mdogo alibadilisha gauni, akawasha pasi ingawa ilikuwa Jumapili. Baba Mdogo akasimama mlangoni, pale pale aliposimama siku ya feni.

"Yule karani amekujibu vizuri sana," Mama Mdogo akasema, bila kuinua uso.

Macho yakamfunguka Baba Mdogo. Nafikiri hakuna kitu alichowahi kuambiwa kikampendeza hivyo. "Una wivu, Mama Kidoti?"

"Wa karani? Karani mwache. Nina wivu wa maneno yangu." Akaipitisha pasi, akarudi. "Nilikuwa nimeshayazoea mdomoni."

Baba Mdogo akaenda kabatini, akarudi na kile kitabu cha ndoa yao. Akavuta kiti mpaka mwisho wa meza ya pasi, akakaa, akatafuta mahali kwa kidole. Akasema humu ndani hakuna darasa na kanuni haifiki jikoni. Kisha akaanza kusoma sehemu ya mwanamume, akianza na shingo. Alisoma moja kwa moja bila kupumua, sauti imenyooka kama waya.

Mama Mdogo akamwacha afike mwisho.

"Umesoma kama maelekezo ya kuunganisha friza," akasema. "Rudia. Shingo si bomba."

Akarudia. Ikawa mbaya vile vile, ila taratibu zaidi. Alipofika mwisho, badala ya kuendelea, akauliza, na niliona hatanii: "Na mimi nikisoma, nimwone nani?"

Mama Mdogo akaisimamisha pasi. Alifikiri, akiwa amemwangalia.

"Anza na Mungu," akasema. "Ukishindwa, mimi nipo hapa."

Halafu akafungua kinywa, na ile sauti yake nzito ikatoka, yote, ikajaza jikoni mpaka vikombe vikalia kidogo rafuni. Chini ya meza Kidoti aliacha kumlisha mwanasesere ili asikilize. Baba Mdogo alisikiliza ameinamia kitabu, amefunga macho, na sikuweza kujua anamwona nani. Ila ilipopita sauti ya mwanamume nje, ikimsalimia jirani, alifungua jicho moja akachungulia dirishani, kisha akalifunga.